Hereni inayong'aa isikudanganye: shaba na nikeli kwa wauza urembo

Wauza urembo mtandaoni, leo naongea na nyie. Kama unauza hereni, bangili au cheni na hujui zimetengenezwa na nini, soma mpaka mwisho. Mimi hii kitu imenigharimu.

Mwaka jana nilichukua Kariakoo dazeni nne za hereni, kwenye pakiti imeandikwa German Silver. Kiingereza changu cha form four kikaniambia silver ni silver, nikaposti: "Hereni za silva, hazichuji." Dada mmoja akanunua za kuvaa kwenye send-off ya mdogo wake. Siku ya tatu akanitumia picha, ndewe zimevimba na zinatoa maji. "Dada, si ulisema silva? Mbona silva navaa miaka yote?"

Sikuwa na jibu. Nikachukua hereni moja nikaenda kwa sonara. Mzee akaigeuza mara moja tu: "Mwanangu, humu fedha hamna hata chembe."

German Silver ni jina tu. Ni aloi, yaani metali zilizoyeyushwa pamoja: shaba, nikeli na zinki. Mchanganyiko wa kawaida ni shaba asilimia 60, nikeli 20 na zinki 20. Shaba ndiyo nyingi, lakini weupe wa nikeli unaimeza. Marekani wana sarafu ya senti 5 ambayo wenyewe wanaiita nickel. Ni nyeupe kabisa, kumbe shaba ni asilimia 75 na nikeli 25 tu. Kwa hiyo rangi haikwambii kitu, boss.

Sasa tofauti zake. Shaba nyekundu tupu ni laini, bangili yake unaipinda kwa mkono. Ukiichanganya na zinki unapata shaba ya njano, ngumu kidogo na nzuri kwa macho. Hizi zikikutana na jasho zinafifia na kuacha alama ya kijani kwenye ngozi. Wateja wanaogopa sana hiyo kijani, wanadhani ni sumu. Ni shaba imekutana na jasho tu, inatoka kwa sabuni. Urembo wenyewe unausugua na ndimu na chumvi, unarudi kung'aa.

Ukiongeza nikeli, aloi inakuwa ngumu zaidi, inarudi yenyewe ukiikunja kidogo, na haifubai haraka. Ndiyo maana watengenezaji wanaipenda kwa kulabu za hereni. Tatizo ni kwamba jasho linatoa nikeli kidogo kidogo, inaingia kwenye ngozi, na kuna watu miili yao inaikataa. Mwasho hauji papo hapo, unaweza kuchukua siku moja mpaka tatu, kama kwa yule dada. Na mwili ukishaikataa, kwa kawaida unaikataa maisha yote. Ulaya waliweka sheria ya nikeli kwenye urembo tangu 1994, na kwa vitu vinavyopita kwenye tundu la sikio kipimo chao ni kikali zaidi.

Kwa hiyo ile bidhaa wateja wanayoilalamikia, ya kijani, ndiyo yenye afadhali. Ile wanayoisifia haichuji ndiyo ya kuulizia.

Wengi tunatembea na sumaku. Sumaku itakushikia chuma kilichopakwa juu, sawa. Nikeli tupu nayo inanasa, lakini ikishachanganywa na shaba nyingi hivyo hainasi tena. Kupima uzito mkononi ndiyo kabisa usihangaike: sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.96, ya nikeli 8.9. Ipo dawa maalumu ya kupimia, unaweka kwenye pamba na kusugua, pamba ikigeuka rangi ya waridi nikeli ipo. Kama huna, muulize anayekuuzia mzigo, akibabaika andika kwamba hujui. Na zilizochovywa dhahabu usizitolee kiapo, mara nyingi chini ya dhahabu kuna tabaka la nikeli.

Kupaka kulabu rangi ya kucha isiyo na rangi kunasaidia siku chache. Ikibanduka umerudi pale pale.

Siku hizi kabla sijatuma mzigo namuuliza mteja: kifungo cha jinzi au mkanda wa saa vinakuwasha? Akisema ndiyo, zenye nikeli simpi hata akiongeza hela. Na chini ya picha naandika "shaba ya njano, itabadilika rangi" au "ina nikeli." Mauzo ya hizo za pili yameshuka, sitaki kukudanganya.

Yule dada nilimrudishia 12,000 yake na nikamlipia dawa. Hajanunua tena, ila status zangu bado anaziangalia, jina lake naliona kila siku.