Kabla ya Kununua Msumeno wa Kale wa Kiingereza

Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo zilitoka mikononi mwa Wabelgiji na kuingia chini ya utawala wa Uingereza mwaka 1921. Utawala huo ulidumu hadi Uhuru mwaka 1961, na baadhi ya misumeno ya mkono ya enzi hizo, hasa iliyotengenezwa katika mji wa Sheffield, ingali katika karakana na masanduku ya urithi. Seremala huitafuta kwa ubora wa chuma chake. Mkusanyaji wa vitu vya kale huitafuta kwa historia yake. Asiyeitambua anaweza kununua msumeno mpya kwa bei ya wa kale, au kuuza wa kale kwa kilo kama chuma chakavu. Tunamshauri mlaji azingatie yafuatayo.

Alama. Soma maandishi kwenye bamba na kwenye kishikizo kikubwa cha shaba kilichopo mpinini. Maneno "Warranted Superior" si jina la kampuni: yalitumiwa na watengenezaji wengi, wakiwemo wa Marekani. Jina mashuhuri nalo halithibitishi umri. Jina la Spear & Jackson, kwa mfano, lingali linapigwa kwenye misumeno mipya.

Mpini. Msumeno wa kale huwa na mpini wa mti uliochongwa, uliofungwa kwa skrubu na nati za shaba. Mpini wa plastiki ni dalili ya msumeno wa kisasa. Kumbuka pia kwamba mpini hubadilishika. Usiutegemee peke yake.

Meno. Meno yenye ncha nyeusi au za buluu yamekazwa kiwandani, wala hayanoleki kwa tupa. Meno ya msumeno wa kale hunoleka kwa tupa ya pembe tatu, na hapo ndipo ilipo faida ya fundi anayekata mbao ngumu kama mninga.

Chuma. Kwa ridhaa ya muuzaji, pinda bamba kwa upole kisha uliachie. Bamba zima hurejea na kunyooka. Kutu ya juu husafishika, lakini vishimo vya kutu karibu na meno hudhoofisha chuma, na meno huweza kukatika yanaponolewa.

Ukiwa na msumeno wa urithi, usiusugue kwa msasa mkali, kwa kuwa utafuta maandishi yanayoupa thamani. Tumia mafuta na kitambaa, na umwoneshe fundi mzoefu kabla ya kuuza.

Unaponunua, dai risiti inayotaja jina la mtengenezaji na hali ya msumeno kama ulivyoelezwa. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na mwenye lalamiko anaweza kuliwasilisha kwa Tume ya Ushindani. Risiti hiyo ndiyo itakayokuwa ushahidi wako.

Alama isomwe, chuma kijaribiwe, ndipo bei izungumzwe.