Je, Wajua? Walowezi wa Mufindi Walitoka Wapi

Ukishuka Nyololo, kwenye barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya, ukakunja kuelekea Igowole na Kibao, utafika kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Wengi hudhani Waingereza ndio walioyaanzisha. Sivyo: waanzilishi ni Wajerumani.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Uingereza iliwafukuza Wajerumani kutoka Tanganyika na kuuza mali zao. Mwaka 1925 marufuku ya kurudi iliondolewa, wakarudi na kupanda chai Mufindi. Vita vilipozuka tena mwaka 1939, Wajerumani waliwekwa kizuizini na mashamba yao kutwaliwa. Baadaye kampuni ya Brooke Bond ya Uingereza ikashika chai hiyo.

Wapo Wazungu wengine waliokuja bila kupenda. Wapolandi waliohifadhiwa katika kambi za Ifunda na Kidugala wakati wa vita, wengi wao wanawake na watoto, walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia, kisha wakapitia Iran. Hao hawakutafuta ardhi, walitafuta usalama.

Lakini ardhi yote waliyofikia wageni hao ilikuwa na wenyewe: Wahehe, Wabena na majirani zao.