Kimya Kilichomzunguka Mary Henry

Katika filamu ya Carnival of Souls, iliyotoka Marekani mwaka 1962 na ambayo wengi miongoni mwa wapenzi wa visa vya kutisha hawajapata hata kuisikia, imo fazaa moja isiyotaka kuniondokea moyoni tangu niione: mwanamke anajaribu nguo dukani, taswira inatikisika kama maji ya kisima yaliyotupiwa jiwe, na mara ulimwengu mzima unakuwa bubu.

Huyo ni Mary Henry, mpiga kinanda wa kanisani, ambaye gari alimokuwa na wenzake lilitumbukia mtoni kutoka darajani, naye, baada ya saa kadhaa za kutafutwa, akaibuka peke yake kwenye fungu la mchanga, ametapakaa matope, asijue amesalimikaje. Pale dukani anamsemesha muuzaji, wala muuzaji hageuki. Anatoka barabarani, watu wanampita midomo ikiwacheza bila neno kusikika, na hapana hata mmoja anayemtupia jicho. Hapana damu, hapana kisu, hapana zimwi. Anafika bustanini, anaegemea mti, ndege analia, na kwa mlio ule mdogo mji wote unamrudia.

Aliyeibuni hofu hii ni Herk Harvey, ambaye riziki yake ilikuwa katika kampuni ya Centron mjini Lawrence, Kansas, akitengeneza filamu za kufundishia shuleni na viwandani. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba, akirudi kwa gari kutoka California, alipita karibu na ziwa la Great Salt Lake wakati wa machweo, akaliona Saltair, jumba la starehe lililokwisha kuhamwa, nalo likamshika. Alipofika kwao alimwendea mwandishi mwenzake, John Clifford, akamwachia hiari ya kutunga kisa chochote apendacho, ila kwa sharti moja: wafu watoke ziwani, wacheze dansa katika ukumbi ule. Filamu ikapigwa kwa muda wa wiki tatu hivi, kwa dola zipatazo 33,000. Gene Moore akaitungia muziki wa kinanda. Na mzuka mwenye uso mweupe anayemwandama Mary ni Harvey mwenyewe, kapakwa rangi.

Nasadiki kwamba ustadi wa kimya kile ulitokana na kazi yake ya kila siku, maana mtu aliyezoea kuwaonyesha wafanyakazi namna ya kuendesha mashine huielekeza kamera kwenye kitu chenyewe bila madoido, na tishio likipita mbele ya kamera ya namna hiyo, mtazamaji hana pa kujificha.

Msambazaji alifilisika, filamu ikatupwa katika vipindi vya televisheni vya usiku wa manane, hata mwaka 1989 iliporejeshwa katika majumba ya sinema na kutukuzwa. Harvey alifariki mwaka 1996, asiwe ameongoza filamu nyingine ndefu ya sinema.

Itafuteni, muitazame bila kuulizia mwisho wake. Lakini mimi swali langu bado ni Mary, aliyekuwa akiliona kanisa kuwa mahali pa kazi tu, na aliyemwambia daktari kwamba hana haja ya kuwa karibu na watu: je, kimya kile kilimfuata kutoka mtoni, au alikuwa nacho tangu kabla ya daraja?