Soda Yenye Sukari Kidogo

Shikeni kalamu na madaftari, maana leo tutasoma na kuhesabu pia. Kitu tutakachosoma si kitabu, ni chupa ya soda. Mwalimu wa darasa aweke mezani chupa moja ya plastiki, yenye karatasi ya maandishi. Isifunguliwe kwanza.

Igeuzeni. Upande wa mbele una jina na rangi za kupendeza, huo tuuache. Upande wa nyuma una maandishi madogo madogo, na huo ndio ukurasa wetu wa leo. Tafuteni neno la sukari. Mara nyingi limeandikwa kwa Kiingereza, SUGAR au SUGARS, na hata asiyejua lugha hiyo aweza kulitambua kwa herufi zake. Kando ya neno hilo mtaona tarakimu, kisha herufi g. Herufi g ni gramu, yaani uzito. Juu yake pengine pameandikwa 100 ml. Hizo ni mililita 100, nazo mililita 1,000 ni lita moja.

Tuchukue kola ya kawaida. Katika nchi nyingi utasoma 10.6 g kwa 100 ml, au kiasi kilicho karibu na hicho. Chupa yetu tuseme ni ya mililita 300, basi tunazidisha 10.6 kwa 3, tunapata 31.8. Tuiite 32. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, huchukua sukari gramu 4 hivi. Gaweni 32 kwa 4. Mmepata ngapi? Ni vijiko 8. Sasa mwalimu atie vijiko 8 vya sukari katika glasi tupu, kimoja kimoja, darasa zima likihesabu kwa sauti. Itazameni glasi hiyo. Ni nani kati yenu awezaye kunywa kikombe cha chai chenye vijiko 8?

Mtauliza, mbona tukinywa soda hatuoni utamu mkali namna hiyo? Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni baridi. Ulimi uliopoa hauonji utamu sawasawa. Ya pili ni gesi. Gesi ikiyeyuka majini hufanya uchachu, na uchachu huuficha utamu. Hili si la kuniamini mimi tu. Mimineni soda katika glasi, ifunikeni kwa kitambaa, iacheni mezani mpaka kesho. Gesi itatoka yote na baridi itakwisha. Onjeni kidogo. Mtadhani mmeramba shira ya kaimati.

Sasa yafaa mjue kwa nini nawahesabisha vijiko. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri juu ya sukari. Kwa mtu mzima wa kawaida shauri hilo ni kama gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12, na isizidi hapo. Likaongeza kwamba ni bora zaidi akishuka mpaka gramu 25, yaani vijiko 6. Hesabu hiyo ni ya siku nzima: chai ya asubuhi imo, maandazi yamo, asali imo, na hata maji ya matunda yaliyokamuliwa yamo. Basi chupa moja ya kola imekwisha kupita vile vijiko 6. Tena sukari ya kunywa haishibishi kama chakula. Mtu hunywa soda, kisha akala wali wake vile vile. Anayekunywa hivyo kila siku huongezeka uzito upesi, meno huoza, na hatari ya kupata ugonjwa wa kisukari huwa kubwa zaidi. Wengi wenu mna ndugu au jirani mwenye ugonjwa huo, nanyi mwajua gharama yake.

Je, soda haiwezi kuwa soda bila sukari nyingi hivyo? Tutazame ilikoanza. Mwaka 1767, katika mji wa Leeds huko Uingereza, bwana mmoja aliyeitwa Joseph Priestley alikuwa akikaa karibu na kiwanda cha pombe. Aliona kwamba juu ya mapipa ya pombe inayochachuka kuna hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa puani. Akayaweka maji karibu na hewa hiyo, akaona maji yameinywa, nayo yakawa na ladha ya kuchangamsha. Mwaka 1783 Jacob Schweppe akaanza kutengeneza maji ya namna hiyo kwa biashara huko Geneva. Watu wakati ule waliyapenda kwa kuwa yalifanana na maji ya chemchemi walizoziamini kuwa ni dawa. Sukari haikuwamo. Kinachofanya soda iwe soda ni gesi; sukari ilikuja baadaye, na kilichoongezwa na mtu chaweza kupunguzwa na mtu.

Na kweli kimepunguzwa mahali pengine. Uingereza ilianza kutoza kodi soda zenye sukari mwezi wa Aprili 2018, na mpaka uliowekwa ulikuwa gramu 5 kwa mililita 100. Wenye viwanda wengi walipunguza sukari hata kabla ya siku yenyewe kufika. Mwaka ule ule Afrika Kusini nayo ilianza kutoza kila gramu inayozidi 4. Kadhalika Ulaya na Marekani wametokea watengenezaji wadogo wadogo wanaouza soda za tangawizi, za malimau, za maua, zilizotiwa sukari kidogo tu. Ni jambo jema, lakini soda hizo nyingi ni za bei ya juu. Tena yako maneno ya kuangalia. Chupa ikiandikwa mbele kwamba ni ya asili, au imetiwa asali badala ya sukari, msifurahi upesi. Mwilini asali huhesabiwa pamoja na sukari. Geuzeni chupa, someni nyuma.

Haya, turudi kwetu. Mgeni akija, mtoto hutumwa dukani kuleta soda, na mgeni akikataa huonekana amedharau nyumba. Mwenye kisukari hupata taabu hapo: anywe aumie, au akatae amuudhi mwenyeji. Mimi naona mwenyeji ndiye mwenye uwezo wa kuondoa taabu hiyo, akiwa na maji karibu, na akiwa na kinywaji chenye heshima ambacho utamu wake anaujua mwenyewe. Nitawapeni namna moja ya tangawizi. Andikeni.

Chukueni tangawizi mbichi gramu 50, yaani kipande kikubwa kidogo kuliko kidole gumba cha mwanamume. Ioshe, iponde kinuni. Itie katika sufuria pamoja na kikombe kimoja na nusu cha maji, kikombe kile cha robo lita. Funika, ichemke polepole dakika 15. Ongeza vijiko 8 vya sukari, koroga mpaka viyeyuke, kisha ipua na uchuje. Ikipoa kabisa kamulia ndimu 2. Usizikamulie ikiwa moto, maana harufu nzuri ya ndimu hupotea. Sasa una kama kikombe kimoja cha maji makali ya tangawizi. Yaweke pahali pa baridi.

Wageni wakifika, mimina katika jagi, kisha ongeza vikombe 3 vya maji ya soda baridi, yale meupe yasiyotiwa kitu. Yamimine taratibu kwenye ukuta wa jagi ili gesi isitoroke. Angalieni dukani msipewe toniki. Chupa zake hufanana, lakini toniki ya kawaida ina sukari. Jagi likijaa mna lita moja, na ndani yake mmo vijiko 8 tu, sawa na ile chupa moja ndogo ya kola. Watu wanne wakigawana, kila mmoja amepata vijiko 2. Ukali wa tangawizi na uchachu wa ndimu ndio unaojaza pengo la sukari. Badala ya ndimu waweza kutia ukwaju ulioloweshwa na kuchujwa, au ukachemsha choya kavu pamoja na tangawizi, ukapata rangi nyekundu ya kuvutia macho. Mwenye kisukari asidhani kwamba hii ni dawa. Vijiko 2 ni vijiko 2, navyo avihesabu kama alivyoelekezwa na daktari wake.

Wako wanaotengeneza gesi wenyewe kwa hamira. Hamira hula sukari, ikatoa gesi. Njia hii ni ya zamani na kazi yake inapendeza kuitazama, lakini sikilizeni vizuri. Msitumie chupa ya kioo iliyozibwa, kwa sababu gesi ikizidi hupasuka, na vigae vyake hujeruhi watu. Tumieni ya plastiki, tieni hamira chembe chache tu za ncha ya kijiko, na acheni nafasi ya vidole vinne juu. Katika joto la pwani siku moja yaweza kutosha. Iminyeni kila baada ya saa chache. Ikiwa ngumu, itieni katika friji mara moja. Asiye na friji aiache njia hii. Jueni pia kwamba hamira hutoa kileo kidogo, kwa hiyo wasiotumia kileo na wenye watoto wafuate ile njia ya kwanza.

Neno moja juu ya meno. Ndimu na gesi vina uchachu, na uchachu hula meno hata pasipo sukari. Nyweni pamoja na chakula, kisha mwisho. Msikae na glasi mkononi mchana kutwa.

Sasa zoezi. Andikeni. Dukani pana chupa mbili. Ya kwanza ni ya mililita 250, na nyuma yake pameandikwa sukari 10 g kwa 100 ml. Ya pili ni ya mililita 500, imeandikwa mbele kwamba ina sukari kidogo, na nyuma pameandikwa 5 g kwa 100 ml. Mama Asha amenunua ya kwanza, jirani yake amenunua ya pili, na kila mmoja ameimaliza chupa yake. Kila mmoja amekunywa gramu ngapi za sukari, na vijiko vingapi? Fanyeni hesabu hiyo kwenye daftari, kisha mwonyesheni mwalimu wenu. Kwaherini mpaka somo lijalo.