Bega lililoumizwa na sindano ya chanjo: Marekani inalipa fidia, lakini muda unahesabiwa

Mkono kuuma siku moja au mbili baada ya chanjo ni jambo la kawaida. Lakini mtu akishindwa kuinua mkono ili avae shati, na miezi ikapita bila nafuu, huenda sindano ilichomwa juu mno. Badala ya kuishia kwenye msuli, ikafika kwenye kiungo cha bega. Hapo kosa ni la uchomaji, si la dawa.

Nchini Marekani, ambako wakimbizi wengi kutoka Congo wamepokelewa, na ambako anayeomba ukaazi wa kudumu hutakiwa kuonyesha kwamba amechanjwa, jeraha hilo linatambuliwa na sheria. Tangu 2017 limo katika orodha ya madhara yanayolipwa na mfuko wa fidia ulioanza kazi 1988. Chanjo za mafua, pepopunda na surua ni miongoni mwa zinazohusika.

Mgonjwa hamshitaki muuguzi. Ombi lake hupelekwa katika korti maalumu mjini Washington, na anayejibu ni waziri wa afya. Fidia ya maumivu haizidi dola 250,000. Matibabu na mshahara uliopotea huhesabiwa kando. Wakili naye hulipwa na mfuko huo, hata mteja akishindwa, mradi ombi lilikuwa na msingi. Si lazima mwombaji awe raia.

Masharti ni makali. Maumivu yawe yameanza ndani ya saa 48, katika bega ambalo halikuwa na tatizo kabla. Kwa kawaida yawe yamedumu zaidi ya miezi 6. Ombi lifike kabla ya miaka 3 kupita tangu dalili ya kwanza.

Hapo ndipo penye mtego. Anayevumilia nyumbani hubaki bila karatasi inayoonyesha maumivu yalianza lini. Ni heri kurudi kwa daktari mapema na kuhakikisha ameandika mkono upi, chanjo gani na siku gani.

Chanjo ya Covid-19 ina mfuko tofauti, na muda wake ni mwaka 1 tu tangu kuchanjwa.

Waliochanjwa Congo kwa kawaida hawawezi kwenda katika korti hiyo. Kwa dozi za Covid-19 zilizoletwa na COVAX, mpango wa fidia wa kimataifa ulianzishwa 2021 kwa nchi 92, Congo ikiwemo. Lakini huo uliwekwa kwa ajili ya ulemavu wa kudumu au kifo. Huko pia, ushahidi wa kwanza ni kadi ya chanjo.