Kitabu cha mfukoni kilichofundisha kudai deni kwa lugha nane

Mfanyabiashara wa Ulaya wa karne ya 16 aliyefika soko la ugenini bila kujua lugha alikuwa na njia mbili: kumlipa mkalimani na kuamini kila alichosema, au kubeba kitabu.

Kitabu kilichopendwa zaidi kilitoka Antwerp, bandari iliyokutanisha wauza vitambaa kutoka Uingereza na Wareno wenye viungo vya Asia. Kilitungwa na Noël de Berlaimont, mwalimu wa lugha mjini humo, aliyefariki mwaka 1531. Mwanzoni kilikuwa na Kifaransa na Kiflemi tu. Baadaye wachapaji waliongeza Kilatini, Kihispania, Kiitaliano, Kiingereza na Kijerumani. Toleo la Delft la mwaka 1598 lilikuwa na lugha nane, pamoja na Kireno, sentensi moja ikisomeka kwa zote katika safu zilizopangwa sambamba.

Wazo hilo halikuwa jipya. Takriban mwaka 1480, William Caxton, mfanyabiashara aliyeishi miaka mingi Bruges kabla ya kupeleka uchapaji Uingereza, alichapa kitabu cha Kifaransa na Kiingereza kilichotokana na kingine cha zamani cha Bruges.

Siri ya Berlaimont ilikuwa mpangilio. Hakuanza na sarufi. Alianza na mazungumzo ya mezani, kisha kununua na kuuza, kisha kudai deni, halafu mifano ya barua na mikataba. Alijua kwamba bei watu wanaweza kupatana hata kwa vidole, lakini deni la mwezi uliopita halidaiwi kwa vidole.

Mazungumzo hayo yalifika hadi Bahari ya Hindi. Mholanzi Frederick de Houtman, aliyewahi kufungwa Aceh, Sumatra, aliyatumia katika kitabu chake cha mwaka 1603 cha Kimalei na Kimalagasi.

Somo hilo bado lina uzito kwa anayevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Uvira au Kalemie. Sokoni Kiswahili kinamtosha, ila hati za serikali ya Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari asiloweza kulisoma mwenyewe halimlindi. Maneno ya kwanza ya kujifunza, basi, ni yale yaliyo juu ya karatasi anayotakiwa kutia saini.