Kitambaa cha Buluu Kando ya Njia

Msomaji wetu mmoja wa Singida mjini, aliyesafiri na jamaa zake kwa njia ya Babati hata wakafika katika Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, ametuletea swali ambalo naliona bora kuliko maswali mengi yaletwayo na watu waliosomea elimu ya wanyama. Asema kwamba mwongoza watalii aliyewapokea langoni aliwasihi, kabla hawajapanda garini, wasivae nguo za buluu wala nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwaita mbung'o, ambao waongozaji wengi huwaita ndorobo; walakini hawakuwa wameingia ndani sana ya hifadhi ila wakaanza kuona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa mitini kando ya njia, kana kwamba wenye hifadhi wanawakaribisha hao hao waliokatazwa kuitwa. Aliyesema kweli ni nani, auliza, mwongozaji au kitambaa?

Wote wawili wamesema kweli, nami naomba subira ya msomaji, maana nusu ya jawabu imo katika jicho la mbung'o, na nusu ya pili, ambayo ndiyo niipendayo, imo katika tumbo la jike lake.

Malale ya binadamu na nagana ya ng'ombe, magonjwa yaenezwayo na mbung'o, sitayaeleza hapa, kwa kuwa yamo katika vitabu vya shule, na wafugaji wa Singida waliyajua kwa hasara kabla ya vitabu hivyo kuandikwa. Yatosha kusema kwamba mbung'o ni inzi wa kahawia, aghalabu mkubwa kidogo kuliko inzi wa nyumbani, naye akitua utamtambua kwa alama mbili: mbawa zake hulaliana, mmoja juu ya mwenziwe, zikafunika mgongo wote, na mrija wake wa kufyonzea huelekea mbele ya kichwa. Ukimkamata na kuutandaza ubawa wake mbele ya jua, utaona katikati, kati ya mishipa, kijisehemu chenye umbo la shoka, na alama hiyo hutaipata katika ubawa wa inzi wa jamaa nyingine. Dume na jike wote hunywa damu, wala hawana chakula kingine maishani mwao.

Ama kuhusu rangi, jicho la inzi huyu limejengwa kwa vijicho vidogo vingi, na ndani ya kila kijicho mna vipokea-nuru vya namna mbalimbali, vingine vyepesi kuhisi miali ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni, vingine buluu, vingine kijani. Ubongo wake hauridhiki na habari ya kipokea-nuru kimoja. Sharti ulinganishe, na buluu ikishinda kijani huamua jambo moja, kijani ikishinda buluu huamua jingine. Roger Santer, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth huko Wales, ameutia ulinganisho huu katika hesabu, na hesabu yake yaonyesha kwamba majani ya porini hurudisha kijani kwa wingi, ilhali ngozi ya mnyama haina wingi huo, hata katika mizani ya jicho la mbung'o mnyama akaangukia upande wa buluu. Nyati si wa buluu, wala pofu si wa buluu. Lakini kwa kipimo hiki kitambaa cha buluu ni mnyama kuliko mnyama mwenyewe, na mgeni aliyevaa shati la buluu amejitangaza kuwa nyati mnono kupita nyati wote wa hifadhi ile.

Gari nalo lina hatia yake, kwani mbung'o wa nyika hukifuata kila kitu kikubwa kiendacho, na wengi wa wale wanaolifukuza gari ni madume, ambao huambatana na mnyama atembeaye wakitumaini kwamba jike atakuja hapo kunywa. Ndiyo sababu waongozaji wengine huchoma kinyesi kikavu cha tembo ndani ya kopo, wakaliacha lifuke moshi nyuma ya gari.

Basi kile kitambaa ni mtego. Buluu humvuta mbung'o kutoka mbali, na cheusi humshawishi atue, na kwa hivyo vipande vya rangi mbili vimeshonwa pamoja. Na kitambaa chote kimechovywa katika dawa ambayo wanakemia waliiunda kwa kuiga sumu ya ua la pareto, dawa imwuayo mbung'o kwa kugusa tu. Wafaransa wawili, Challier na Laveissière, waliutengeneza mtego mashuhuri wa kitambaa huko Afrika Magharibi mwaka 1973, na baadaye Glyn Vale na wenzake katika nchi ya Zimbabwe, waliokwisha kutambua kwamba mbung'o huvutwa na pumzi na mkojo wa ng'ombe, waliona kwamba vitambaa 4 tu katika kila kilomita ya mraba, vikitiwa harufu hizo, vyaweza kulisafisha pori. Hapa ndipo mtu mwenye akili anapaswa kushangaa. Vitambaa vinne katika kilomita nzima ya mraba! Mbu hawamaliziki kwa vyandarua vya kijiji kizima. Mbung'o atamalizwaje na matambara manne?

Jawabu ni uzazi wake, na katika maumbile yote ya wadudu sijui uzazi unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko huu. Jike la mbu hutaga mayai mia na zaidi kwa mara moja, akayaacha majini yajitafutie riziki. Jike la mbung'o hakubali kabisa desturi hiyo. Hukutana na dume aghalabu mara moja tu katika umri wake, siku chache baada ya kupata mbawa, akaiweka akiba mbegu ile mwilini imtoshe maisha yote. Kisha hushusha yai moja, moja tu, katika mji wa mimba, na yai hilo huanguliwa ndani kwa ndani, akatoka buu ambaye hatauona mwanga wa jua hata awe amekwisha timia.

Katika desturi za zamani za pwani, binti alipovunja ungo aliwekwa ndani, akafichwa na macho ya watu, akalishwa na kusingwa na kufundwa na kungwi wake, wala hakutolewa nje ila siku maalumu, naye amekwisha pata kila alichopaswa kukipata. Buu wa mbung'o ni mwali wa namna hiyo. Chumba chake ni mji wa mimba. Kungwi wake ni tezi iliyotandaza vijitawi tumboni mwote mwa mama, nayo humpa maziwa; sisemi maziwa kwa kupamba maneno, kwa maana ukiyaondolea maji hubaki takriban nusu mafuta na nusu protini, na buu huyapokea kwa mdomo wake yakitiririka kutoka katika mfereji wa tezi. Na kama vile kungwi asivyompa mwali chakula peke yake bali humpa na mambo atakayoishi nayo baada ya kutoka, ndani ya maziwa hayo mna bakteria, jina lake Wigglesworthia, ambaye buu atamhitaji hata mwisho wa umri wake, kwa kuwa damu ina uhaba wa vitamini za jamii ya B, na bakteria huyo ndiye azitengenezaye. Asiyepewa amana hiyo, ajapokunywa damu ya pofu mzima, akiwa jike hawezi kuzaa. Mwali hukua upesi, hujivua ngozi mara mbili mle chumbani, na zamu ya uzazi ikiisha kuanza, kila baada ya siku 9 au 10 hivi mmoja hutolewa nje, chumba kikafagiliwa, na mwingine huingia.

Siku ya kutolewa, mama, aliyekwisha kuwa mzito hata kuruka kwake ni kwa taabu, hutafuta udongo laini ulio kivulini, chini ya gogo au kando ya mwamba, akamzaa hapo mtoto mweupe ambaye uzito wake hulingana na uzito wa mamake, na pengine humzidi. Mtoto huyu haombi kitu. Hujichimbia udongoni kwa muda mfupi, ngozi yake hukauka ikawa gamba jeusi, dogo kama punje, lenye vijinundu viwili kwa nyuma vya kupitishia hewa, akatulia humo siku 30 hivi, zaidi penye baridi na pungufu penye joto, hata aibuke inzi kamili. Muda wote huo hali wala hanywi, kwani kila chembe ya mafuta aliyoitumia kujijengea macho, miguu na mbawa aliipata chumbani. Vitabu vyetu vya sayansi hukiita kiumbe cha hali hii pupa, nami sijapata kuridhika na jina hilo, maana kwetu pupa ni haraka ya mlafi, ilhali huyu hana haraka wala mlo. Mimi nitamwita kifukofuko mpaka atokee mwenye neno bora.

Sasa na tuhesabu. Jike huzaa mtoto wa kwanza akiwa na siku 16 hadi 20, kisha mmoja baada ya mmoja, naye akibahatika kuishi miezi mitatu hapati zaidi ya watoto kumi hivi. Akikosa damu kwa wakati wake, au akiguswa na sumu, buu hutoka kabla ya siku zake, akafa. Kizazi cha namna hii hakina akiba ya kupoteza. Na wataalamu wamekokotoa kwamba ukiua majike kama 4 katika kila 100 kwa siku, bila ya kukoma, kizazi chote hufifia mpaka kikatoweka. Matambara manne, basi, yatosha. Na ile tabia ya jike ya kuolewa mara moja ndiyo iliyowakomboa watu wa Unguja, ambako kati ya mwaka 1994 na 1997 madume yaliyolelewa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi yalimwagwa kwa ndege, mamilioni, yakawaoa majike ya mwitu bila ya kuwapa mimba. Mbung'o wa mwisho wa kisiwa kile alinaswa mwaka 1996, wala hajarudi.

Msomaji wetu alikwenda mbali kumtafuta mbung'o, lakini ufalme wake umo mkoani mwake. Kaskazini, katika nchi wazi ya Wanyaturu na Wanyiramba, pana ng'ombe. Kusini na magharibi, kuanzia vichaka vizito vya Itigi na kushuka hata Mapori ya Akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, pana mbung'o, ng'ombe hakai, na kwa hivyo pana nyati, tembo, pofu na simba. Ajiriye kwa njia ya Itigi kwenda Makongolosi atakuwa ameona jinsi abiria wanavyofunga madirisha wakifika pande za Rungwa. Wakimbu, wenyeji wa pori lile, walikuwa wawindaji na warina asali zaidi kuliko wafugaji, na mizinga bado yatundikwa mitini katika nchi ya Manyoni na Itigi, kwa sababu nyuki haugui nagana. Sehemu ya kusini ya Rungwa ilikatwa mwaka 1964 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha; lakini mpaka wa kwanza, ule uliomzuia mchungaji asiingie, haukuchorwa na serikali yoyote.

Wala tusidhani kwamba mpaka huo ulikuwa hapo tangu kuumbwa kwa dunia. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwafagia ng'ombe na wanyama wa porini wa Afrika Mashariki, njaa na ndui vikafuatia, mashamba yakaachwa, vichaka vikarudi, na mbung'o akafuata vichaka. Helge Kjekshus alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya ikolojia na historia ya nchi zetu. Pori tunalomwonyesha mgeni kama umbile la asili kwa sehemu ni jeraha la msiba ule, na mbung'o ndiye aliyelizuia lisifunikwe tena na mashamba.

Ni kweli kwamba vitambaa havimalizi mbung'o mahali ambapo pori jirani huwaleta wengine kila siku, na malale kwa wageni ni nadra sana. Hata hivyo apataye homa au kidonda pale alipoumwa amwambie daktari mapema kwamba alikuwa porini.

Kwa waongoza watalii nina ombi. Kwa desturi gari hupita mbio mbele ya kitambaa cha buluu ili kumuwahi simba aliyesikika mtoni, na mgeni, hasa mgeni Mtanzania aliyelipa kiingilio kwa fedha ya jasho lake, huondoka akidhani ameona tambara. Simamisheni gari hapo, asubuhi wakati wa baridi, mbung'o wakiwa bado hawajachangamka, mkawaeleze watu kwa Kiswahili kwa nini ni buluu, kwa nini ni cheusi, na kwa nini kimoja chatosha eneo kubwa namna ile. Dakika tano hazitamkosesha mtu simba, na mafunzo ya waongozaji, ya hifadhi za taifa na ya mapori ya akiba, yanapaswa kulitia somo hili pamoja na majina ya ndege na nyayo za wanyama.